Njia Chini ya Mizabibu

Rosettenville, Johannesburg
9 Machi 2025

Mjomba François,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na Benita anaongeza yake, iliyojaa wino kwa sababu aling'ang'ania kuishika kalamu kwanza. Aliandika "Jambo Mkulu", kama watoto wa huku wanavyowaita babu zao, kisha akaniachia mimi. Kiswahili anakisikia chote, lakini kikifika mdomoni kinageuka Kizulu. Ameng'oka meno mawili ya mbele. Baba yake, Gaël, mzima, bado analinda lile ghala la Doornfontein. Anarudi alfajiri sisi tukiamka, tunapishana mlangoni.

Nakuandikia karatasi kwa sababu wewe na simu hamjapatana. Ulipopiga kwa simu ya jirani kusema umefika Lubumbashi salama, nikasema nipe Mama, laini ikakatika. Tangu hapo umenitumia neno kwa Clémentine kwamba mambo ya bustani hayasemwi hewani, yaandikwe. Haya, nimeandika. Clémentine anaondoka Jumatano na marobota yake ya nguo, na barua hii itasafiri katikati ya suruali.

Kwanza Mama. Mguu wake ukoje tangu aanguke pale uani? Anatembea? Mwambie niliota nakula sombe yake ya majani ya muhogo, nikaamka nina njaa.

Sasa bustani yako. Mvua bado inanyesha jioni, lakini asubuhi nimeanza kuvaa sweta. Zabibu zimeiva zote kwa pamoja na nyuki wamelewa. Wale ndege wenye mikia mirefu, wanaoning'inia matawini kama panya, wamehamia kwenye mtini, nasi tunagawana nao: wao wanakula tini za juu, Dona Lurdes mwenye bustani na mimi tunakula za chini. Dalia zimechanua mpaka mashina yanalala. Mikono yangu ilizoea kusuka nywele za watu, siku hizi jioni naitoa miiba kwa sindano.

Dona ananiuliza kila asubuhi utarudi lini. Namjibu kama ulivyoniachia: kabla ya Pasaka. Amesema atakuwekea nafasi yako mpaka mwisho wa Mei. Baada ya hapo, anasema, bustani kubwa namna hii haiwezi kuishi na mtu wa kushikia. Mtu wa kushikia ndiye mimi, kwa hiyo tafadhali rudi.

Jambo moja zaidi. Njia ya chini ya mizabibu, kutoka bombani hadi mlango wa chumba chako, sijaifagia tangu ulipoondoka. Unajua sababu. Bibi alitulea hivyo, nyuma ya msafiri hapafagiliwi. Wengine husubiri siku moja tu, lakini Babu alipokuwa akienda machimboni Kolwezi, Bibi aliiacha njia yake mpaka arudi aikanyage mwenyewe, na Babu alirudi kila mara. Wewe pia siku ile, begi begani, ulinigeukia ukasema, "Usifagie." Ulicheka, lakini ulisema. Dona haelewi. Zabibu zimeanza kudondoka pale, na majani ya kwanza, naye anapita akiinua sketi.

Niambie mwezi huu nifanye nini. Ulinionyesha mengi kwa muda mfupi, nusu nimesahau, na nusu nyingine ulinionyesha nikiwa nalia.

Mpwa wako,
Murielle


Katuba, Lubumbashi
23 Machi 2025

Mpwa wangu Murielle,

Amani ya nyumba hii ifike nyumbani kwako. Barua yako imefika ikinuka suruali mpya. Mwambie Benita kwamba Mkulu ameipokea salamu yake na ameibandika ukutani. Meno yake yatarudi, ya kwangu ndiyo yaliyokwisha kuaga. Huku hatujambo. Mguu wa mama yako unaendelea vizuri, anatembea na fimbo, na ukimwambia apumzike anakuonyesha kazi nyingine ya fimbo. Anakula. Anakusalimu.

Sasa sikiliza, maana mwezi haungoji mtu. Kata zabibu zote kabla mvua ya mwisho haijazipasua. Zilizodondoka njiani ziokote kwa mkono, si kwa ufagio. Umefanya vyema kutofagia, na Dona niachie mimi. Hidranja zikianza kugeuka kahawia usizikate, hata bibi huyo akikununia wiki nzima, kwa sababu maua yale makavu ndiyo blanketi la machipukizi wakati wa sakitu, ile barafu ya alfajiri. Vitunguu saumu vitie ardhini sasa hivi. Fava, yale maharagwe yao makubwa, ngoja mpaka udongo upoe, mwezi wa nne. Maji punguza. Na nakuomba kwa jina la Mungu, usiguse matembele ya Dona. Naujua mkono wako. Sisi tukiona majani ya viazi vitamu tunaona mboga, yeye anaona viazi. Hao ni watu wa kisiwa cha Madeira, mwanangu, viazi hivyo kwao ni kama bukari, ugali wetu.

Unajua nilivyofika pale? Nilikuwa nalala Doornfontein, chumba kimoja na mafundi cherehani, mashine zinalia mpaka ndotoni. Mtu akaniambia kuna Mreno huko juu ya Rosettenville anatafuta mikono. Senhor, mume wa Dona, Mungu amrehemu, alikuwa bado ana nguvu. Alinipa reki. Sikuwahi kushika reki maishani mwangu, kwetu ni ufagio wa njiti tu. Basi mwezi wa tano ulipofika, mti wa matunda ya kaki ukamwaga majani yote hadi la mwisho, na matunda yakabaki juu, mekundu, kwenye matawi makavu. Nikaenda kwa Senhor nikamwambia, bwana, mti umekufa na matunda hayajapewa habari. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani. Tangu hapo kila mwaka mti ukivua nguo alikuwa akiniita toka dirishani: "François, njoo uzike."

Nilipokuwa huko niliililia Katuba. Sasa niko Katuba, na nikifumba macho naona kivuli cha mizabibu asubuhi na kusikia wale ndege hadeda wakigombana juu ya paa. Binadamu hana shukrani, mahali pake ni pale asipokuwepo.

Kuhusu Pasaka, naona ni karibu mno. Mwambie Dona katikati ya Mei.

Ni mimi mjomba wako,
François


Rosettenville
13 Aprili 2025

Mjomba,

Jumapili ya Matawi njema. Tumetoka kanisani sasa hivi, Benita ameshika tawi la mti wa jirani kwa sababu makuti yaliisha kabla hatujafika. Gaël amelala. Tumeshukuru Mungu kwa yote, na kwa mguu wa Mama tumeshukuru zaidi.

Barua yako ilikwama mpakani pamoja na Clémentine, marobota yake yalizuiliwa siku kadhaa, ikanifikia juma lililopita. Kwa hiyo lile ombi lako la kwa jina la Mungu lilinikuta matembele nimekwisha kuyala. Nilichuma ncha zote changa, tuta zima, nikaona nimepata baraka. Dona akatoka na kahawa yake, akasimama, akatazama, akaniuliza ni mbuzi gani ameingia. Jioni nikampelekea sahani, nimeyapika kwa mawese na karanga. Alikula amenuna, akamaliza amenuna, akaomba nyingine bado amenuna. Hidranja nazo nilikuwa nimezikata. Usiniulize.

Lakini fava nimepanda jana, na vitunguu saumu vimetoa masikio. Matunda ya marmelo yameiva, jiko lote la Dona linanuka, amekoroga sufuria ya jamu tangu Alhamisi na mkono umemvimba. Mbayuwayu waliokuwa wakijipanga kwenye nyaya pale robot ya juu, penye taa za barabarani, wameondoka. Mwalimu wa Benita amewaambia wanapita Kongo. Benita amenituma nikuulize kama umewaona.

Njia yako sasa ina majani hadi vifundoni. Yule ndege mwenye tumbo la rangi ya chungwa amefanya makao pale, anayapekua kutwa akirusha majani nyuma. Hadeda nao wanakuja kumtafuta mdudu mwekundu wa kutisha, huyu wanayemwita kamba wa Parktown. Jana mdudu mmoja alimrukia Benita kwenye sketi, mtoto akapiga kelele kwa lugha zote isipokuwa Kiswahili. Dona anasema mtu akiteleza pale ni juu yangu. Nikamwambia ni mila. Akaniuliza mila hiyo inaisha lini, nikamwambia katikati ya Mei. Juzi aliniita jikoni akaniambia jambo jingine. Nitakueleza ukirudi.

Mjomba, umeniandikia kurasa mbili, na moja na nusu ni bustani. Kuhusu Mama umeniandikia mguu. Mimi sikuulizia mguu peke yake. Mwaka jana alikuwa akijirekodi sauti kwa simu ya Arlène jirani, ananigombeza vizuri kabisa kwa kutokwenda kumwona, nami nasikiliza kwenye teksi nikicheka peke yangu. Sasa ni miezi hakuna sauti. Mpe kalamu aniandikie mstari mmoja. Hata kama ni wa kunigombeza.

Murielle


Katuba
30 Aprili 2025

Mpwa wangu,

Salamu kwenu nyote. Mvua imekwisha kabisa, asubuhi moshi wa makaa unakaa chini na baridi imeanza kuuma. Sisi wazima. Mwambie Benita mbayuwayu sikuwaona, labda walipita nikiwa foleni ya maji.

Kwa yale matembele nimecheka mpaka mama yako akatoka ndani kuuliza nacheka nini. Nikamsomea, naye akacheka. Akasema una mkono wa kwao. Halafu akaniambia nisisahau kukununulia viatu vya shule, vya zamani vinakubana. Anapenda utani, unamjua.

Kalamu ameikataa, anasema macho.

Mei sitawahi. Kuna tiketi, na kuna mambo mawili matatu. Tuseme Juni, mwombe Dona aongeze. Dalia zisiinuliwe mpaka sakitu ya kwanza iziunguze, ndipo uchimbe pole pole kwa uma. Njia iache kama ilivyo.

Ningependa sana kuuona mti wa kaki mwaka huu. Niandikie kama umeanza kugeuka rangi.

François


Rosettenville
11 Mei 2025

Mjomba,

Salamu kwako na kwa Mama. Sisi wazima. Salamu zimekwisha.

Nina miaka thelathini na minne. Mama hana utani wa namna hiyo. Utani wake unauma, hauulizi habari za viatu. Niliisoma barua yako nimekaa kwenye toroli, nikafika hapo penye viatu vya shule nikarudi juu, nikasoma tena. Niambie Mama ana nini. Usiniandikie mguu.

Nami nikuambie la kwangu, nisije nikawa kama wewe. Lile jambo la jikoni ni hili. Dona alinipa kazi, kazi yenyewe, siyo ya kushikia. Alinipa na chumba chako pia, tuhamie huko na Gaël, Benita apate mahali pa kukimbia. Nilikataa. Nilimwambia mwenye nafasi yuko njiani, na mimi siwezi kuvua viatu vya mtu angali anatembea navyo. Ananiuliza tena kila Jumamosi. Nilipomwambia Juni alitikisa kichwa, hakukasirika, alisikitika, na hilo lilinitisha zaidi. Amesema mwisho wa Mei ni mwisho wa Mei. Magoti yake hayapandi tena mteremko ule, anahitaji mtu wa kudumu, na nikimkatalia mimi ataleta kampuni yenye mashine zake.

Kwa hiyo sema. Ukiniambia unarudi, nitakataa tena, hata akinifukuza nitakaa langoni nikungoje na ufunguo wako mfukoni. Lakini usiniambie unarudi ili mimi nisiulize habari za mama yangu.

Uliomba nikuandikie mti wa kaki. Umegeuka rangi. Leo sina moyo wa kuusifu.

Murielle


Katuba
18 Mei 2025

Mwanangu Murielle,

Leo sianzi na salamu za nyumba, kwa sababu nyumba yenyewe ndiyo habari.

Mama yako anasahau. Haikuanza na kuanguka. Alianguka kwa sababu alikuwa akikimbia kwenda kukuchukua shuleni, akajikwaa kwenye jiwe la kufulia. Arlène alinieleza siku niliyofika. Mimi ananiita Papa, anapiga goti kunipa chakula, ananiuliza kama Kolwezi kulikuwa na joto. Siku za mwanzo nilimsahihisha, akalia. Sasa namjibu kwamba joto lilikuwa kali. Halafu kuna siku ananijua kabisa na kunigombeza kwamba nilikaa kwa watu mpaka nikazeeka. Sijui asubuhi nitamwamkia nikiwa nani.

Ndiyo sababu sikutaka simu. Kwenye simu ungesema nipe Mama, ningempa, naye angekuuliza wewe ni nani. Karatasi iliniruhusu kuchagua, nikachagua mguu. Nilijiambia naulinda moyo wako. Nilikuwa naulinda na wangu, kwa sababu ningekuandikia ukweli ningelazimika kuandika na linalofuata.

Lakini kabla ya hilo, kuna kitu nataka ukijue. Kila alfajiri mama yako anafagia uwanja, mguu mzima au mgonjwa. Anaanza chini ya mparachichi, anazunguka jiko, anapitiliza hadi kwa Arlène ambako si kwake, na huko pia anafagia. Kuna mahali pamoja tu hapagusi, kutoka mlango wake mpaka langoni, upana wa mtu mmoja. Majani yamelala pale mwaka juu ya mwaka, ya chini yamekuwa udongo. Arlène alidhani ni ugonjwa. Siku moja akachukua ufagio amsaidie, mama yako akamshika mkono: "Muache pale. Murielle hayarudia."

Si ugonjwa, mwanangu. Uliondoka kwa njia ile miaka tisa iliyopita, hujarudi bado, na hajaifagia.

Sasa linalofuata. Sitarudi Johannesburg. Mmoja wetu lazima awe hapa. Wewe una mtoto shuleni na mume kazini, mimi huko nina bustani, na hata hiyo si yangu. Nilipoandika sentensi hiyo niliiacha mezani siku nzima kabla ya kuendelea. Naipenda bustani ile kuliko mahali popote nilipowahi kuishi, kuliko hata uwanja huu niliozaliwa, na nafurahi kwamba kuna mtu mmoja nimemwambia.

Kwa hiyo fagia njia yangu. Mama yetu, bibi yako, angekubali, maana msafiri akishafika hana tena njia ya kulindiwa. Mimi nimefika. Chukua kazi, chukua chumba. Nyuma ya mlango kuna viatu vyangu vya mvua, vikikutosha vivae, asubuhi za Juni umande wake ni barafu. Barua hii msomee Dona. Ukifika mahali panapokushinda, ruka.

Nampa dereva wa basi akuletee mkono kwa mkono. Clémentine haondoki mpaka mwezi ujao, na Mei haitamngoja.

Mjomba wako,
François


Rosettenville
1 Juni 2025

Mjomba wangu,

Benita anakusalimu, meno yameanza kuchungulia. Gaël anakusalimu na kusema ndiye atakayebeba vitanda. Mama msalimie kwa jina lolote atakalokuwa ananiita siku hiyo.

Barua yako nilipewa na dereva pale kituo cha mabasi, nikaisoma nimesimama, watu wananisukuma na mizigo. Nililia waziwazi. Mama mmoja anayeuza mahindi ya kuchoma alinivutia kreti nikae. Nilikukasirikia sana, Mjomba. Nilikukasirikia njia nzima mpaka Rosettenville, na nilipofika kwenye robot ya juu hasira ikawa imeisha, nikabaki na kukukosa tu.

Kesho yake nilimsomea Dona. Sikuruka mahali. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Kwa hiyo sasa inaruhusiwa?" Nikasema inaruhusiwa. Akaingia ndani, akatoka amevaa buti za Senhor, na ufagio mkononi. Tulianza mlangoni kwako tukashuka mpaka bombani, yeye na ufagio, mimi na reki, magoti yake yakilia. Majani ya juu yalikuwa makavu, ya chini yameshikana meusi, yananuka mvinyo. Yule ndege wako alitufuata nyuma akiokota wadudu, amekasirika kama mpangaji aliyefukuzwa. Yote nimeyatia kwenye mboji. Njia ilipobaki tupu nilichukia kuitazama, ilionekana kama hajawahi kupita mtu. Benita akatoka shuleni akaikimbia yote mpaka mwisho, akarudi, akaikimbia tena, ndipo nikaweza kuingia chumbani kwako.

Viatu ni vikubwa, nimetia magazeti. Sakitu ya kwanza imeanguka Jumatano, dalia zimelala zote, nimezichimba kwa uma kama ulivyosema. Mti wa kaki umevua nguo. Asubuhi ile Dona alifungua dirisha akaniita, nije nizike. Hakuwa anacheka, wala mimi sikucheka, tulisimama tu na kuutazama.

Watu wananiuliza habari zako, pale saluni, pale kanisani. Nawaambia hutarudi.

Sasa sikiliza wewe. Karatasi zangu za kuishi huku zilikamilika mwaka jana, na tangu hapo nilichobaki nacho ni visingizio: nywele za wateja, shule ya Benita, kazi mpya. Vyote vimeisha. Shule zikifungwa Desemba, Dona ataniruhusu, nitakuja na Benita. Njia yangu msiifagie, mwambie na Arlène. Mwambie Mama kwamba nakuja, hata kama itakubidi umwambie upya kila siku. Na kama nikifika hanijui, sema mimi ni jirani aliyehamia karibuni. Nitakubali hata ujirani, mradi anipe sombe.

Ni mimi,
Murielle


Katuba
15 Juni 2025

Mpwa wangu,

Salamu zimefika na tumezigawana. Baridi ya huku ni ya kipupwe sasa, vumbi kila mahali, lakini usinionee huruma, nimepanda vitunguu saumu nyuma ya jiko.

Jana asubuhi nilimsomea mama yako barua yako, tumekaa uani juani. Nilisoma kwa sauti, pole pole, mpaka mahali unaposema unakuja. Alisikiliza vizuri sana, mikono imetulia mapajani. Nilipomaliza akaniuliza, "Murielle njo nani?"

Nikamwambia ni mwanao. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepewa habari njema za mtoto wa mwingine. Akasema ni vizuri.

Nilitaka kukuficha hili, nikakumbuka hasira yako ya njia nzima.

Leo alfajiri nikasikia ufagio, nikatoka nikasimama mlangoni na blanketi langu. Alifagia chini ya mparachichi, akazunguka jiko, akaenda hadi kwa Arlène. Aliporudi akafika kwenye majani yale ya kuelekea langoni. Aliinua ufagio juu, akavuka kwa hatua moja ndefu, na mguu ule mbovu ukamuuma, nikaona. Akaendelea kufagia upande wa pili.

Nikamuuliza, "Mbona hapa hufagii?"

Alisimama akapatazama. "Sijui," akasema. "Kuko mutu."

Njoo, mama. Hapa pako ni kama ulivyopaacha.

François